Anzia kwenye Kinachotupwa: Mwongozo wa Kujenga Utamaduni wa Ubunifu Unaodumu Katika Kampuni

Mwaka 1893 Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo kutoka Ujerumani, aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida, na iliyofika ikiwa hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalizaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika kuwa mzalishaji wa kwanza wa mkonge duniani, na mwaka 1964 uzalishaji ulikaribia tani 230,000. Kisha zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa na mengine yakamezwa na pori, na ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi ya ule wa 1964.

Sisi wa Tanga tumeisikia habari hii mara nyingi, na kwa kawaida msimuliaji huishia kwenye plastiki. Naona funzo lake kwa mwenye kampuni liko mahali pengine. Jani la mkonge likipita kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani, kinachotoka kama singa, yaani nyuzi, ni asilimia chache tu ya uzito wake. Sehemu kubwa iliyobaki, yaani maji na majimaji ya kijani yenye harufu kali, kwa miongo mingi ilitiririshwa kwenye mifereji ikaishia mtoni. Kila mtu aliiona na kila mtu aliinusa. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 2000 ndipo mabaki hayo yalipoanza kugeuzwa kuwa biogesi na umeme katika shamba la Hale, wilayani Korogwe. Mali ghafi ilikuwepo muda wote huo. Kilichokosekana ni desturi ya mtu kusimama mbele ya mfereji na kuuliza.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya wazo moja: ubunifu wa kampuni huonekana katika namna inavyokitendea kinachotupwa, iwe ni mabaki ya kazi, lalamiko la mteja, neno la kibarua au jaribio lililoshindwa. Nimemwandikia mtu mwenye kampuni ya watu kumi na tano hadi mia mbili hivi, kama vile karakana ya Chumbageni, kiwanda cha kusindika maziwa au machungwa ya Muheza, ofisi ya uwakala wa forodha au hoteli ya Raskazone. Hauhitaji idara mpya wala mtaalamu kutoka mbali. Semina za ubunifu nimehudhuria nyingi, na nyingi zilikuwa kama ule msemo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo: mwezeshaji alifika asubuhi na projekta yake, akala chakula cha mchana, akaondoka na basi la jioni, na Jumatatu kazi ikaendelea pale ilipoachwa Ijumaa.

Hatua ya kwanza: tembea na daftari siku kumi za kazi

Kabla ya kumwomba mtu yeyote wazo, mkurugenzi au meneja mkuu atembee mwenyewe. Chukua daftari la kawaida, gawa ukurasa katika safu tatu, na andika kinachotupwa, kiasi chake kwa siku, na jina la mtu anayejua sababu. Safu ya tatu ndiyo yenye thamani kuliko zote, kwa sababu itakuonyesha kwamba mtu anayejua kwa nini maziwa ya jioni huharibika mara nyingi ni dereva wa pikipiki anayeyaleta, ambaye hajawahi kuingia kwenye kikao chochote cha kampuni.

Usihesabu vitu peke yake. Muda nao hutupwa, kama pale mafundi sita wanapomsubiri mwenye ufunguo wa stoo, au nyaraka za mzigo zinaporudishwa mara tatu kwa sababu ya kosa moja lilelile la kujaza fomu. Maneno pia hutupwa, hasa yale anayoyasema mteja akiwa ameshalipa na anatoka mlangoni. Nenda zamu ya usiku angalau mara mbili. Nenda peke yako, kwani ukiongozana na watu watatu wenye kalamu utaonekana unafanya ukaguzi, na siku ya ukaguzi taka huwa hazionekani.

Katika siku hizo kumi usitoe suluhisho lolote. Ni vigumu kuliko inavyosikika, maana mwenye mali amezoea kuamuru. Lakini ukianza kutoa majibu siku ya pili, kuanzia siku ya tatu utakuwa unaonyeshwa yale tu yanayolingana na majibu yako. Na usitarajie kwamba kila taka ni dhahabu iliyojificha: nyingi zinahitaji kupunguzwa tu, na baadhi mahali pake ni jalalani.

Hatua ya pili: kila wazo lijibiwe ndani ya siku saba

Niliwahi kufanya kazi katika kiwanda kimoja cha kamba ambacho sitakitaja jina. Pale mlangoni palikuwa na sanduku la maoni la mbao, limepakwa rangi vizuri, lenye kufuli. Ufunguo alikuwa nao ofisa utumishi, naye alihamishwa akaondoka nao. Sanduku lilipovunjwa, baada ya miezi kumi na minne, tulikuta makaratasi ya pipi, malalamiko manne juu ya vyoo, na karatasi moja iliyokunjwa ya kijana mpakiaji, aliyeeleza kwamba vipande vya kamba vya mita mbili mbili tunavyovichoma moto nyuma ya ghala vingeweza kuuzwa kwa wafuga mbuzi, hasa wiki za kuelekea Idi. Tulipomtafuta mwandishi tuliambiwa alishaacha kazi. Alikuwa anauza kamba za mbuzi Ngamiani, na vipande alikuwa anavinunua kwa mlinzi wetu.

Tangu siku hiyo siyaamini masanduku. Mahali pake tumia kitabu kikubwa kilichowekwa wazi, au ubao ukutani karibu na mahali watu wanapopatia chai, na uweke sharti moja: kila wazo lililoandikwa lipate jibu ndani ya siku saba, mbele ya macho ya wote, likiwa na jina la aliyejibu. Majibu yawe ya aina tatu tu: tunafanya, tunajaribu, au hatufanyi kwa sababu hii. Jibu la tatu lisionewe haya. Mfanyakazi aliyeambiwa waziwazi kwamba wazo lake litagharimu zaidi ya litakavyookoa, akaonyeshwa na hesabu, atarudi na wazo la pili lililopikwa vizuri zaidi, aliyenyamaziwa hatarudi.

Wapo wasiopenda kuandika, na mara nyingi hao ndio wanaojua mengi. Mteue karani mmoja wa kuwaandikia, naye aandike maneno yao kama walivyoyasema bila kuyapamba. Mpakuzi akisema, “Mzee, hili tela likigeuzwa kichwa upande wa baharini tutapakua nusu saa mapema,” liandikwe hivyo hivyo. Likishageuzwa kuwa pendekezo la uboreshaji wa mfumo wa upakuaji, mwenyewe hatalitambua tena.

Hatua ya tatu: jaribio liwe dogo na liwe na ukomo

Kila jibu la “tunajaribu” lizae karatasi moja, isizidi ukurasa. Humo andika swali mnalotaka kulijibu, fedha isiyozidi kiasi fulani, siku zisizozidi idadi fulani, na jambo litakalowafanya muache. Kwa zile kamba za mbuzi ingetosha kuandika hivi: je, watu watanunua kipande cha mita mbili kwa bei inayozidi gharama ya kukifunga fundo? Shilingi 50,000, wiki mbili kabla ya Idi, sehemu mbili za kuuzia. Tukiuza chini ya vipande mia, tunaacha. Kipengele cha kuacha kiandikwe kabla ya kuanza, wakati bado hakuna aliyelipenda jaribio kupita kiasi.

Tenga fungu la majaribio kwenye bajeti ya mwaka, hata kama ni dogo, na mruhusu msimamizi wa zamu aidhinishe kiasi cha chini bila kupanda ngazi hadi kwa mkurugenzi. Wazo la shilingi 50,000 linalohitaji saini nne limeshatumia zaidi ya 50,000 kabla halijaanza.

Hatua ya nne: mfungue mikono msimamizi wa kati

Hapa ndipo kampuni nyingi hukwama, na mwenye kampuni huwa hajui, kwa sababu yeye anataka ubunifu na vibarua wanao. Katikati yupo nyapara. Si mtu mbaya. Anapimwa kwa tani au katoni zinazotoka kwenye zamu yake, na jaribio lolote humla saa mbili. Akiruhusu likashindwa, anaulizwa yeye kwa nini zamu imetoa pungufu. Likifanikiwa, sifa zinakwenda kwa fundi au kwa meneja. Mtu mwenye akili timamu aliyewekwa katika hali hiyo atakataa majaribio yote, na atakataa kwa upole, kwa kusema kwamba wiki hii kuna oda kubwa. Kila wiki kuna oda kubwa.

Dawa yake haipo kwenye mafunzo. Ipo kwenye namna unavyompima. Kwanza, tenga saa za majaribio ambazo haziingii kwenye hesabu ya malengo ya zamu. Saa mbili kwa wiki zinatosha kuanzia, na mimi hupenda ziwekwe kwenye makutano ya zamu mbili, ili wanaotoka na wanaoingia waone pamoja. Pili, katika tathmini ya mwaka ya msimamizi, mwulize ni majaribio mangapi yamefanyika chini yake na yamefundisha nini, kabla ya kumwuliza mangapi yamefanikiwa. Tatu, jina lake liandikwe kwenye ile karatasi ya ukurasa mmoja, pembeni ya jina la mwenye wazo, ili ushindi uwe na nafasi ya watu wawili.

Kampuni ya Toyota ya Japani, ambayo mfumo wake wa kukusanya mawazo ya wafanyakazi ulianza mwaka 1951, inajulikana pia kwa kamba iliyotandazwa juu ya mstari wa kuunganishia magari: mfanyakazi yeyote akiona kasoro huivuta, kiongozi wa kundi humfikia mara moja, na tatizo lisipotatuka haraka mstari husimama. Wanaoiga huiga kamba. Wanachokisahau ni kiongozi wa kundi, ambaye kazi yake ni kuja mbio anapoitwa, kumshukuru aliyevuta, na kutafuta chanzo pamoja naye. Ukimwekea nyapara wako kamba bila kumbadilishia kipimo, ataitundika juu mahali ambapo mkono haufiki.

Utaratibu wa Kijapani wa kaizen, yaani kuboresha kazi kidogo kidogo bila kukoma, ambao wizara yenye dhamana ya viwanda imekuwa ikiueneza kwa ushirikiano na JICA, shirika la misaada la Japani, umeshaingia katika baadhi ya viwanda vya Tanzania, na ni mwanzo mzuri. Tahadhari yangu ni moja: kupanga zana ukutani na kuchora mistari ya njano sakafuni ni sehemu yake iliyo rahisi, na mgeni anayekuja kupiga picha huridhika nayo.

Hatua ya tano: kushindwa kuandikwe

Katika kiwanda kilekile cha kamba tulijaribu kupaka rangi nyuzi za mkonge kwa ajili ya mazulia ya mlangoni. Rangi ilipendeza mpaka mvua ya kwanza, kisha ikatiririka na kuacha madoa mekundu kwenye baraza za wateja wetu wachache. Mzigo uliobaki ulisukumwa nyuma ya ghala, ukafunikwa turubai, na neno lenyewe likawa halitajwi. Funika kombe mwanaharamu apite. Mwaka uliofuata kundi jingine, likiwa na meneja mpya, lilinunua rangi ya aina ileile kwa muuzaji yuleyule. Hasara ya kwanza ilikuwa ada ya shule. Ya pili tuliilipa bure.

Amy Edmondson wa Chuo Kikuu cha Harvard alipochunguza makosa ya utoaji dawa katika hospitali za Marekani, miaka ya 1990, alitarajia kwamba makundi ya wauguzi yaliyofanya kazi vizuri zaidi yangeonekana na makosa machache. Alikuta kinyume: ndiyo yaliyoripoti makosa mengi zaidi. Maelezo aliyoyapata ni kwamba makundi hayo hayakukosea zaidi ya mengine, ila watu wake hawakuogopa kusema. Kwa hiyo ukiwa meneja na daftari lako la makosa ni jeupe, lisikufurahishe. Wahenga walisema mficha uchi hazai.

Kwa vitendo, fanyeni kikao cha nusu saa kila mwezi cha kusoma majaribio yaliyokufa. Mkubwa wa kampuni aanze na la kwake, nalo liwe la kweli, lenye kiasi cha fedha kilichopotea. Hadithi ya kosa dogo la ujanani haitamdanganya mtu. Kila jaribio liandikwe kwa sentensi tano au sita: tulitaka nini, tulifanya nini, nini kilitokea, tungeulizwa tena tungebadili nini. Weka kumbukumbu hizo mahali ambapo mgeni wa kampuni anaelekezwa siku yake ya kwanza kazini. Tofautisha, hata hivyo, kushindwa kwa jaribio lililopangwa na uzembe wa kuruka utaratibu wa usalama au wa usafi wa chakula. Hili la pili lina kanuni zake za nidhamu, na kulichanganya na la kwanza kutaharibu yote mawili.

Hatua ya sita: nenda mahali bidhaa yako inapoishia

Kila robo mwaka, watume watu wawili wasiozoea kuuza, tuseme fundi na mhasibu, wakashinde siku nzima mahali bidhaa inapotumika. Wasiende na dodoso. Sisi tuliposimama sokoni Mgandini tuligundua kwamba waendesha baiskeli, ambao katika mji huu ni wengi, walikuwa wakifungia mizigo yao kwa mipira iliyokatwa kutoka matairi ya ndani, kwa sababu kamba yetu ilikuwa ngumu kufungua kwa mkono mmoja huku mwingine umeshika usukani. Hakuna mteja aliyewahi kutulalamikia. Waliacha tu kununua.

M-Pesa yenyewe ilijifunza hivyo. Ilipofanyiwa majaribio nchini Kenya kuanzia mwaka 2005, lengo lilikuwa kuwawezesha watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waendeshaji wakaona watumiaji wanatumiana fedha wao kwa wao kwa shughuli zao nyingine, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya kutuma fedha. Tanzania ilifika mwaka 2008. Kama wangewashikilia watumiaji kwenye matumizi waliyoyakusudia wao, wangebaki na chombo kizuri cha kulipia mikopo.

Ubunifu huu wa kupanga upya biashara hauhitaji mashine. Tanga Fresh, kiwanda cha maziwa kilichoanza miaka ya 1990 kikiwa kimefungamana na ushirika wa wafugaji wadogo, kinategemea vituo vya kukusanyia na kupozea maziwa vilivyo karibu na wafugaji. Mwenye ng'ombe wawili anaweza kuuza kwa kiwanda bila kumiliki jokofu wala gari. Tangi la kupozea lilikuwa limeshavumbuliwa zamani. Kipya ni mahali lilipowekwa na nani anaruhusiwa kulitumia.

Hatua ya saba: lipa kwa haki, na weka ahadi ya ajira kwa maandishi

Zawadi ya fedha kwa kila wazo huzaa mawazo mengi mepesi na ugomvi wa nani alisema kwanza. Napendekeza njia nyingine: wazo likishafanya kazi kwa miezi sita na mhasibu akathibitisha kilichookolewa au kuongezeka, sehemu iliyotangazwa mapema, tuseme asilimia kumi ya faida ya mwaka wa kwanza, igawiwe kwa mwenye wazo na kundi lililolijaribu. Na njia hiyo mpya ya kazi iitwe kwa jina la aliyeileta. Watu wataitaja kila siku bila gharama yoyote kwako.

Jambo zito zaidi ni ajira. Kijana akikuonyesha namna ya kufanya kwa watu wanne kazi iliyokuwa ya sita, nawe ukawaachisha wawili mwisho wa mwezi, umeua ubunifu katika kampuni yako kwa miaka mingi, na utakuwa umeuua kwa haki. Andika ahadi, itie saini mbele ya tawi la chama cha wafanyakazi kama lipo, kwamba hakuna atakayepoteza kazi kutokana na wazo lililotoka kwa wafanyakazi. Watakaozidi watahamishiwa sehemu nyingine au kwenye majaribio. Kama hali ya biashara haikuruhusu kutoa ahadi hiyo, usiitoe, na usiombe mawazo ya kupunguza nguvukazi. Omba mengine.

Hatua ya nane: linda kinachostahili kulindwa

Mengi mtakayoyapata ni maboresho ya ndani, na ulinzi wake bora ni kuyafanya vizuri kuliko jirani. Likitokea jambo jipya kabisa, kumbuka kwamba hataza hutolewa kwa uvumbuzi ambao haujawa wazi kwa umma. Pitia BRELA, wakala wa usajili wa biashara, kwanza, ndipo ulipeleke kwenye maonyesho ya Sabasaba. Jina na nembo visajiliwe mapema kama alama ya biashara. Kwa vifaa vya kujaribia ambavyo huna, ulizia SIDO, shirika lililoundwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, na karakana za VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, kabla hujanunua mashine utakayoitumia mara mbili.

Hatua ya tisa: ondoka, uone

Baada ya mwaka mmoja hivi, mkurugenzi achukue likizo ya siku ishirini na nane mfululizo, na simu yake ibaki kwa mtu mwingine. Akirudi, asianze na taarifa ya mauzo. Afungue kile kitabu kilicho karibu na birika la chai na ahesabu: ni mawazo mangapi yameandikwa alipokuwa hayupo, mangapi yamejibiwa ndani ya siku saba, nani ameyajibu, na majaribio mangapi yamefungwa kwa sababu ya kile kipengele cha kuacha.

Mara ya kwanza huenda akakuta kurasa tupu kuanzia siku ya tatu baada ya kuondoka kwake. Hapo atafute ni hatua gani iliyokuwa imesimama kwa miguu yake yeye peke yake, na kwa uzoefu wangu huwa ni ya nne: wasimamizi walikuwa wanatoa saa za majaribio kwa kumwogopa, na kipimo chao hakikubadilishwa kwenye karatasi. Arekebishe hapo, asubiri miezi sita, kisha aombe likizo nyingine.